Rangi ya suti na nguo za kazi: ushauri wa fundi kutoka Werugha

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja alipanda matatu kutoka Voi, akaja hadi kibandani kwangu hapa Werugha na kitambaa kilichokunjwa ndani ya gazeti. Ameitwa kwenye mahojiano ya kazi ya ualimu, na mwezi huo huo dada yake anaolewa. Baba yao ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo yeye ndiye atakayesimama mahali pa baba. Pesa zote alizokuwa nazo ziliishia kwenye kitambaa hicho. "Mghosi," akaniuliza, maana ndivyo tunavyomwita mzee kwa Kidawida, "hiki kitatosha?"

Yeye alikuwa akiuliza urefu. Mimi nilikuwa nikitazama rangi. Nikamtoa nje mlangoni, nikaweka uzi wangu mweusi juu ya kitambaa. Hakikuwa cheusi. Kilikuwa na ukijani, kama maji ya dimbwi yaliyotulia. Dukani, chini ya taa ya mrija, kilionekana cheusi tititi.

Nimekalia cherehani kwa zaidi ya miaka 30, na kosa hili nimeliona mara nyingi kuliko kosa lolote la vipimo. Koti likibana, fundi atalifumua na kuliachia. Suruali ikiwa ndefu itakunjwa pindo. Rangi ikikosewa, hakuna sindano ya kuirekebisha. Wengi wetu huku Pwani hatununui suti 5 tukachagua ya leo na ya kesho. Tunanunua moja, nayo ndiyo ya kanisani, ya harusini, ya mahojiano na ya matanga. Kwa hiyo ndugu msomaji, kama unafikiria kushona au kununua, soma kwanza haya kabla hujafungua pochi.

Nunua kitambaa mchana, na ukitoe nje. Muuzaji akikukatalia kukitoa hadi barazani, rudisha pesa zako mfukoni uende duka la pili. Taa za dukani hudanganya, hasa kwa buluu iliyokoza, ambayo hugeuka nyeusi, na kwa hudhurungi, ambayo hugeuka kijivu. Kiweke kitambaa karibu na kitu ambacho una hakika na rangi yake: kiatu chako cheusi, kola ya shati jeupe. Macho hayajui rangi peke yake, yanajua kulinganisha. Halafu kikunje mara mbili, ukitazame kwa mbali, hatua 10 hivi. Watu watakaokuona kwenye sherehe watakuwa hapo, si puani pako.

Sasa nije kwenye nyeusi yenyewe, kwa sababu kila kijana anayekuja kwangu huanza nayo. Nyeusi ni rangi ya heshima, sikatai. Lakini kama suti yako ya kwanza na ya pekee, ni chaguo baya kwetu. Jua la Voi huila nyeusi ya bei nafuu haraka. Baada ya mwaka mabega yamekuwa na wekundu au ukijani huku makwapa yakiwa bado meusi. Vumbi nalo halifichiki. Udongo wa Voi ni ule ule unaowafanya ndovu wa Tsavo waonekane wekundu. Kama unaweza kupaka ndovu rangi, suruali yako nyeusi utaifanyaje? Kutoka kituo cha matatu hadi ofisini umeshavaa soksi mbili za vumbi.

Kinyume chake ni kibaya zaidi, na hapo nazungumza kama mgonjwa, si kama daktari. Nilipooa nilijishonea suti ya rangi ya maziwa. Nilikuwa nimeona picha ya bwana harusi mmoja wa Mombasa, amesimama na bahari nyuma yake, nikasema na mimi ni fundi, nishindwe nini? Siku ya harusi nilipendeza. Wiki iliyofuata nilishuka nayo Voi kuwasalimu wakwe, nikarudi na pindo jekundu lisilotoka kwa sabuni wala kwa limau. Suti ikatundikwa. Miaka 4 baadaye baba yangu akafariki, na mimi, mwanawe mkubwa, fundi ninayewavalisha wanaume wa mlima mzima, nikaenda kuazima koti kwa jirani. Mikono yake ilinifika kwenye vifundo vya vidole. Wahenga walishasema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Nilisimama kando ya kaburi nikivuta mikono ile juu, na watu wakadhani ninatetemeka.

Basi kwa suti moja, chagua kijivu kilichokoza au buluu iliyokoza. Ni hizo mbili tu. Kijivu kilichokoza kinakwenda harusini ukiweka tai yenye rangi, kinakwenda mazishini ukiweka tai nyeusi, na vumbi jekundu likikipata linaonekana kama kivuli. Buluu inakaa vizuri zaidi kwenye picha na kwenye mahojiano, lakini inataka brashi kila jioni. Ya tatu, ukishakuwa na hizo mbili, iwe hudhurungi. Wazee wa Taita waliipenda hudhurungi tangu zamani, na hawakuwa wajinga: ni rangi ya ardhi yetu wenyewe.

Zingatia pia mahali utakapoivaa. Werugha iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa Juni hadi Agosti ukungu hukaa hapa hadi saa nne za asubuhi. Kitambaa cha sufu hapa ni rafiki. Ukishuka Voi, safari isiyofika nusu siku, umeingia tanuruni. Anayefanya kazi bondeni na kulala mlimani asishone koti zito lenye bitana nzima. Mwambie fundi wako aweke bitana nusu, mabegani na mikononi tu, mgongo upumue. Tena ukungu huzimisha rangi. Kijivu ambacho Mombasa kingeonekana cha fedha, hapa Werugha asubuhi kinaonekana kama jivu la jikoni. Anayeishi mlimani aongeze uhai kwenye shati au tai, asiongeze kwenye koti.

Kuhusu rangi ya ngozi, maneno ni mengi kuliko ukweli. Mtu mweusi sana hupendeza na karibu kila kitu, hasa rangi safi zilizo wazi. Mtu wa maji ya kunde ajihadhari na hudhurungi ya mwanga inayofanana naye, maana atapotelea ndani yake. Yaliyobaki ni porojo za wauzaji.

Tuje kwenye nakshi. Hapa ndipo fundi anapolia, kwa sababu kitambaa kisicho na nakshi kinasamehe na chenye nakshi hakisamehi. Milia myembamba ya wima, ile inayoonekana kama imechorwa kwa ncha ya sindano, humrefusha mtu mfupi na kumpunguza mnene. Milia minene iliyo mbalimbali, mfano wa chaki ubaoni, humfaa mtu mrefu mwenye mabega. Mtu mdogo akiivaa, inaingia milia kabla yake. Mirabaraba, ambayo vijana wanaiita cheki, humpanua mtu. Kwa mwembamba ni dawa. Kwa mwenye kitambi ni mashtaka. Kama unataka nakshi lakini unaogopa, omba kitambaa kilichofumwa kwa mtindo wa mwiba wa samaki: kwa mbali ni rangi moja, kwa karibu kina uhai, na huficha mikunjo ya kukaa kwenye matatu.

Suti ya vipande viwili kwa mtu wa kawaida hula mita 3 hadi 3 na nusu za kitambaa chenye upana wa mita moja na nusu. Mirabaraba ikiwa mikubwa ongeza nusu mita, kwa sababu mistari lazima ikutane: katikati ya mgongo, kwenye vifuniko vya mifuko, na pale mkono unapounganika na kifua. Fundi akikuambia nakshi kubwa na yasiyo na nakshi vinakula kitambaa sawa, jua hana nia ya kulinganisha mistari. Mtazame kazi yake ya zamani mfukoni. Mstari ukivunjika pale, utavunjika kila mahali.

Na mimi naongeza sharti moja ambalo wateja hulipuuza: ukipata pesa, shona koti moja na suruali mbili kutoka kitambaa kimoja, siku moja. Suruali ndiyo hukaa kwenye viti vya matatu, hupiga magoti na kupanda boda boda. Itakufa kabla ya koti. Ukirudi baada ya miaka miwili kutafuta rangi ile ile hutaipata, na hata ukiipata koti limeshafifia.

Hilo linanileta kwenye mitumba, maana tusidanganyane, makoti mengi yanayovaliwa Pwani yametoka Kongowea au sokoni Voi, na mengine ni mazuri kuliko ninayoweza kushona mimi. Ukinunua koti peke yake usijaribu kulitafutia suruali ya rangi ile ile. Nyeusi mbili zilizotofautiana kidogo huonekana kama umevaa gizani. Fanya tofauti iwe wazi, watu wajue umekusudia: koti la buluu na suruali ya kijivu, koti la hudhurungi na suruali ya kaki. Kagua viwiko kwenye jua. Vikimetameta, sufu imekwisha. Nusa kola. Geuza uone bitana.

Ukichanganya rangi, jihesabu. Wale Wakongo wanaoitwa Sapeurs, ambao umaridadi kwao ni kama dini, wana sheria yao kwamba mwili mmoja usibebe zaidi ya rangi 3. Watu huwaona na suti za waridi na za manjano wakadhani ni fujo, kumbe ni hesabu. Koti, suruali, shati, tai, mkanda, viatu: vyote hivyo viingie kwenye rangi 3. Vijana wetu wanaofika na 6 wangejifunza hapo.

Kuna jambo la suti ya Kaunda pia, kwa sababu naagizwa sana siku hizi. Mtindo huo wa koti la mikono mifupi au mirefu lisilohitaji tai ulichukua jina la Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia, na hapa Kenya umerudi kwa kishindo kwa sababu Rais Ruto huuvaa. Kwa joto letu ni vazi la busara kuliko tai. Lakini mteja wangu ajue anakokwenda nalo. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni, akasema mwanamume aje na koti, kola, tai, shati la mikono mirefu, suruali ndefu, soksi na viatu. Binafsi niliona ni ajabu, Bunge la nchi ya Kiafrika kumrudisha mlangoni mtu aliyevaa vazi lenye jina la Mwafrika. Hata hivyo, ukienda mahojiano mbele ya wakubwa usiowajua, wafikirie kama Spika. Vaa Kaunda ukishapata kazi. Rangi zake ni kaki, kijivu cha mwanga, buluu na kijani cha majani makavu. Nakshi usiweke kabisa, kwa sababu mifuko 4 yenyewe ni nakshi tosha.

Kwa ndugu zetu wavaao kanzu na koti juu, sheria ni nyepesi: kanzu nyeupe inabeba koti la rangi yoyote iliyokoza, lakini kanzu ya rangi ya maziwa haipatani na nyeusi kali, ipe hudhurungi au kijivu. Koti lenye milia juu ya kanzu halijawahi kunipendeza, na sitaki kubishana.

Sasa nguo za kazi. Hapa rangi haihusu kupendeza tena. Inahusu uchafu unaoupata, na kitu kinachoweza kukudhuru.

Kaki ndiyo mama wa nguo za kazi. Neno lenyewe limetoka kwenye Kiajemi na Kihindi, maana yake ni vumbi, na wanajeshi wa Uingereza huko India ndio walioanza kuivaa katika karne ya 19. Vita Vikuu vya Kwanza vilipofika kwetu, wakati reli ya Voi kwenda Taveta ikijengwa na watu wakiuawa Salaita mwaka 1916, kaki ndiyo iliyotembea kwenye vumbi hili. Mpaka leo machifu wetu wanaivaa. Kwa mpimaji ardhi, karani wa bohari, mwalimu anayefundisha kwenye vumbi la chaki, na kila mtu anayefanya kazi Voi, Maungu au Mwatate, sijaona inayoishinda.

Anayefanya kazi karibu na mbuga asikie hili vizuri: mbung'o hupenda buluu na nyeusi. Si hadithi. Mitego ya kuwanasa, kama ule uliobuniwa Nguruman huko Kajiado, hutengenezwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi kwa sababu hiyo hiyo. Sasa fikiria mchungaji wa ng'ombe au mchimba vito anayeingia kichakani upande wa Tsavo na ovaroli ya buluu kutoka dukani. Amejivika mtego. Mpe kaki, au kijani kilichofifia.

Kwa nyuki ni karibu hivyo hivyo. Kule Sagalla, wakulima wanaozungushia mashamba yao uzio wa mizinga ili kuwazuia ndovu, wanajua kwamba nyuki hushambulia kilicho cheusi na chenye manyoya. Nguo ya kurina iwe nyeupe au ya rangi ya mwanga, laini, isiyo na sufu.

Fundi wa magari avae buluu iliyokoza, mafuta yasionekane kila siku. Mchinjaji na mpishi wavae nyeupe kwa sababu ya kinyume: uchafu uonekane, wafue. Mwenye bucha anayetaka aproni ya damu ya mzee namuuliza anaficha nini.

Na tafadhali, usiniletee kitambaa cha mabaka ya kijeshi, hata kama kimetoka kwenye mtumba na kimenunuliwa kwa pesa halali. Sheria ya Kenya haimruhusu raia kuvaa sare ya jeshi au ya polisi, wala inayofanana nayo. Tangu polisi walipozinduliwa na sare ya buluu mwaka 2018, hata walinzi wa maduka wanaotaka shati na suruali za buluu ile ile nawageuza, nawapa kijivu au hudhurungi.

La mwisho ni la boda boda, nami nimelichelewesha kwa sababu silipendi.

Miaka kadhaa iliyopita kundi la vijana wa boda boda liliniagiza majaketi. Walitaka meusi kwa sababu hayaonyeshi uchafu, na mimi nikashona meusi bila kuuliza swali. Asubuhi moja ya Julai ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani. Lori lililobeba kabichi kwenda Kongowea likakata kona. Dereva alisema hakumwona, na mimi namwamini. Kijana alipona, lakini goti lake la kulia halikunji vizuri mpaka leo, na pikipiki aliiuza kulipa hospitali. Hakuna aliyenilaumu. Ila mama yake aliniletea jaketi lile nilishone palipochanika. Nililitundika mlangoni penye ukungu, nikarudi nyuma hatua 10, nikaliona linavyotoweka.

Katika ukungu na alfajiri, rangi ambayo jicho la binadamu huiona upesi ni ile manjano yenye ukijani, inayong'aa kama imewashwa. Si manjano ya kawaida ya ndizi. Hiyo hufanya kazi mchana, hata mchana wa mawingu, lakini usiku peke yake haisaidii; usiku unahitaji ule utepe wa fedha unaorudisha mwanga wa taa za gari. Jaketi la boda boda liwe na vyote viwili, utepe uzunguke kiuno na mabega, mbele na nyuma, na abiria asiufunike wote. Chungwa linalong'aa pia ni zuri, isipokuwa kwenye barabara za Voi, ambako udongo mwekundu nyuma yake hulipunguzia nguvu. Na lifuliwe. Jaketi linalong'aa likishika masizi na vumbi kwa miezi 3 ni kijivu tu lenye jina zuri. Lifue kwa maji baridi na sabuni ya kawaida, bila jiki, lianikwe kivulini, na utepe usipigwe pasi.

Siku hizi mtu wa boda boda akiniomba jaketi jeusi namwambia cherehani imeharibika.

Kijana wa Voi hakuweza kurudisha kitambaa. Mwenye duka alisema kikishakatwa hakirudi. Kwa hiyo tumefanya hivi: kitambaa kile kimekuwa suruali mbili, kwa kuwa ukijani chini ya kiuno hauonekani sana. Kilichobaki kimetoa kizibao cha kuvaa harusini. Kwa koti tulishuka pamoja sokoni, tukapata la kijivu kilichokoza, la mwiba wa samaki, viwiko vizima, mikono mirefu kidogo ambayo nimeikata jana. Mahojiano ni Jumanne. Bado vifungo, na nimemwambia alete vya kijivu, avichague nje ya duka.